Sarafu Bandia za Fedha za Zama za Kati Katika Hazina Zilizofukiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa hapa Mombasa na watu wa kila namna: wanafunzi wanaotoka kutazama vyombo vya kale Fort Jesus, mafundi wanaochimba misingi ya nyumba, masonara wa Mji wa Kale wanaoletewa fedha kuukuu waipime, na jamaa waliorithi kijaluba chenye sarafu ambazo hakuna nyumbani anayejua zilitoka wapi. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani: sarafu bandia iliyokutwa ndani ya hazina si takataka ya kutupwa ili zibaki zile nzuri. Ni shahidi, na mara nyingi husema mengi kuliko wenzake, mradi tu isitenganishwe nao.

Sarafu bandia ya zama za kati ni sarafu ya namna gani hasa?

Jina hili moja hubebeshwa mambo manne, na ni vyema kuyatenganisha tangu mwanzo. Kuna sarafu iliyotengenezwa kwa siri na mlaghai, ambayo ndani ni shaba au risasi na nje ina utando mwembamba wa fedha. Kuna sarafu ya kuiga, ambapo mtawala au mji fulani hufua sarafu zenye sura ya sarafu inayoaminika ya jirani, pengine kwa fedha nzuri kabisa, ili zikubaliwe sokoni bila maswali. Kuna sarafu halali ambayo serikali yenyewe imeipunguzia fedha na kuiongezea shaba. Na kuna sarafu halali iliyokatwa kingo na mtu aliyetaka kujikusanyia vipande vya fedha kabla ya kuitoa tena.

Kwa maoni yangu, aina mbili za mwanzo tu ndizo zinazostahili kuitwa bandia. Ya tatu ni sera mbaya ya mtawala na ya nne ni wizi. Hata kati ya zile mbili tofauti ni kubwa, kwa kuwa aliyepokea shaba iliyovikwa fedha alipoteza mali yake, lakini aliyepokea sarafu ya kuigwa yenye fedha kamili huenda hakupoteza chochote isipokuwa jina la mfalme.

Zilitengenezwa vipi?

Kwanza tuone sarafu halali ilivyofuliwa. Fundi alikata kidonge bapa cha fedha, akakiweka juu ya muhuri wa chuma uliokitwa kwenye gogo au fuawe, akashika muhuri wa pili juu yake, kisha akapiga nyundo. Pande zote mbili zikapata chapa kwa pigo moja au mawili. Kwa hiyo mlaghai alihitaji mojawapo ya mambo mawili: kupata mihuri, au kupata njia ya kuikwepa.

Njia ya kukwepa mihuri ilikuwa kusubu. Sarafu ya kweli iligandamizwa kwenye udongo laini ili iache alama zake, kalibu ikakaushwa, na madini yaliyoyeyuka yakamiminwa ndani. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi na risasi kwenye 327, ilhali fedha huhitaji nyuzi 962. Kwa hiyo mtu mwenye jiko la kawaida la makaa angeweza kusubu bati na risasi nyumbani kwake bila jirani kujua. Kazi hiyo huacha alama: herufi zinakuwa butu, uso una vitundu vidogo vya hewa, na ukingoni kuna mstari mwembamba mahali ambapo nusu mbili za kalibu zilikutana.

Njia ya ustadi zaidi ilikuwa kukivika kidonge cha shaba karatasi nyembamba ya fedha. Hapa maumbile yenyewe yalimsaidia mlaghai, kwa sababu fedha na shaba zikigusana kwenye moto, mpaka kati yake huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 779 tu, kiwango kilicho chini ya kile cha fedha peke yake na chini sana ya nyuzi 1,085 za shaba. Karatasi ya fedha hushikamana na shaba bila kuharibika, kisha kidonge hupigwa muhuri. Wengine walitumia zebaki: waliichanganya na fedha hadi ikawa rojo, wakaupaka mchanganyiko huo juu ya shaba, kisha wakauchoma ili zebaki ipae na fedha ibaki. Moshi wa zebaki ni sumu, na bila shaka mafundi wengi walilipa kwa afya zao.

Njia ya mwisho masonara wetu wataielewa upesi. Kidonge cha mchanganyiko wa fedha na shaba hupashwa moto hadi shaba ya juu igeuke nyeusi, kisha hutiwa ndani ya maji makali yanayoila shaba hiyo na kuiacha fedha. Tendo hilo likirudiwa mara kadhaa, uso wa kidonge hubaki na fedha karibu tupu, na pigo la muhuri huusawazisha ukang'aa. Ndiyo kanuni ileile ya ndimu na ukwaju vinavyotumika kurudisha weupe wa bangili iliyofifia. Ni haki kusema pia kwamba hata viwanda halali vya sarafu vilifanya hivyo ili sarafu zitoke nyeupe, na kwa sababu hiyo uso mweupe peke yake haujawahi kuwa ushahidi wa uhalali.

Kwa nini mtu afukie sarafu bandia pamoja na za kweli?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na jibu hutegemea hazina ilikusanywaje. Kuna hazina iliyojazwa polepole kwa miaka mingi, ambapo mwenyewe alipopata sarafu nzito na safi aliiweka, na nyepesi akaitumia. Ndani ya hazina kama hiyo bandia ni chache, na iliyopenya ni ile iliyotengenezwa kwa ustadi hata mwenye kuchagua kwa makini hakuigundua. Na kuna hazina iliyofukiwa kwa haraka, wakati wa vita, uvamizi au safari ya ghafla, ambapo kilichokuwa mkobani ndicho kilichoingia ardhini. Hazina hii hubeba sura ya soko la siku ile, pamoja na uchafu wake wote. Mtafiti akikuta bandia chache zilizo bora sana, au nyingi za kila daraja, tayari ana dokezo kuhusu namna mwenye mali alivyoishi na fedha zake.

Mifano mikubwa ipo. Mwaka 1908, katika mtaa wa Rue d'Assaut mjini Brussels, zilifukuliwa takriban sarafu 150,000 za fedha zilizofukiwa katika miaka ya 1260. Humo sarafu halali za Uingereza zililala pamoja na nakala zake zilizofuliwa bara Ulaya. Huko Aberdeen, Uskoti, mwaka 1886, katika mtaa wa Upperkirkgate, kilifukuliwa chungu cha shaba nyeusi chenye sarafu zaidi ya 12,000, nyingi zikiwa za wafalme walioitwa Edward, na miongoni mwake nakala za kigeni. Waliozikusanya hawakuwa wajinga. Kiasi kama hicho hakihesabiwi moja moja kila kinapopokewa, bali hupimwa kwa mizani, na sarafu ya kuigwa yenye uzito wa kutosha hupita.

Kuna sababu nyingine, inayohusu dhamiri. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilizungumzia jambo hili kwa ukali: kutoa dirhamu moja mbovu, yaani sarafu ya fedha ya nchi za Kiislamu, kuna uovu zaidi kuliko kuiba dirhamu mia, kwa kuwa wizi ni dhambi moja iliyokwisha, ilhali dirhamu mbovu huendelea kudhuru kutoka mkono hadi mkono hata baada ya aliyeitoa kufa. Akaelekeza kwamba anayepata sarafu ya namna hiyo aitupe kisimani mahali ambapo mkono hauwezi kuifikia. Mtu aliyeshika maneno kama hayo hangeirudisha sokoni. Angeitupa, au angeiweka kando na kuisahau. Mimi huyakumbuka maneno haya kila ninaposikia mtu akihitimisha upesi kwamba mwenye hazina yenye bandia lazima alikuwa mlaghai mwenyewe.

Watu wa wakati huo walizitambuaje?

Walitumia mikono, masikio na mizani. Sarafu iliyodondoshwa juu ya jiwe hutoa mlio. Fedha nzuri hulia kwa muda, risasi hunyamaza mara moja. Wabadilishaji fedha walikuwa na jiwe jeusi la kupimia, ambapo sarafu husuguliwa na rangi ya mchirizi wake kulinganishwa na ya fedha inayojulikana. Wengine waliikunja sarafu waone kama inapinda kwa ulaini unaofaa. Waskandinavia wa karne ya 9 na ya 10 walizidunga kwa ncha ya kisu, na ndiyo maana sarafu zinazofukuliwa kwao mara nyingi zina mikwaruzo midogo mingi. Ukiishika sarafu kama hiyo ukaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, kila kidungo ni alama ya mtu mmoja aliyesimama mbele ya mwenzake akasita kidogo kabla ya kuipokea. Sarafu yenye vidungo vingi imepita mikono mingi isiyojuana.

Mizani ilikuwa hakimu wa mwisho. Baada ya Khalifa Abd al-Malik kuitengeneza upya dirhamu mwaka wa 79 Hijria, yaani 698 hadi 699, uzito wake wa kawaida ulikuwa takriban gramu 2.97, na wafanyabiashara wa nchi zilizo mbali waliuzoea.

Je, ni kweli kwamba sarafu za kuigwa zenye maandishi ya Kiarabu zimefukuliwa Uswidi?

Ni kweli, na ni kisa kinachofaa kujulikana pwani yetu. Mwaka 1999, katika shamba liitwalo Spillings kaskazini mwa kisiwa cha Gotland, ilifukuliwa hazina ya fedha yenye uzito wa kilo 67, ikiwa na sarafu 14,295 pamoja na mamia ya bangili. Iligunduliwa wakati watu wa televisheni walipokuwa wakitengeneza taarifa kuhusu uporaji wa hazina za kale. Mali hiyo ilikuwa imefukiwa chini ya sakafu ya jengo, baada ya mwaka 870. Karibu sarafu zote ni dirhamu kutoka nchi za Kiislamu, zilizosafiri kwa mito ya Urusi ya leo kama malipo ya manyoya na, kwa masikitiko, ya watumwa.

Miongoni mwake zimo dirhamu zilizofuliwa na Wakhazari, taifa lililotawala nyika za kaskazini ya Bahari ya Kaspi na ambalo wakuu wake walifuata dini ya Kiyahudi. Waliiga dirhamu za Kiabbasi kwa sura na kwa hati. Lakini moja kati yake, ya mwaka 837 au 838, mahali ambapo sarafu halisi ingeandika kwamba Muhammad ni Mtume wa Mungu, imeandika kwamba Musa ni Mtume wa Mungu. Hapo hatuoni mlaghai wa uchochoroni. Tunaona dola inayotaka fedha yake ipokewe Baghdad na Gotland, na papo hapo inatia neno lake mahali ambapo wengi wasingetazama. Fedha yake ilikuwa nzuri, na mkulima wa Gotland aliyeifukia hakujua kusoma Kiarabu; kwake uzito ulitosha.

Wabulgari wa mto Volga nao waliiga dirhamu za Wasamani, watawala wa Kiislamu wa Asia ya Kati, na baadhi ya mafundi wao waliuchora mwandiko wa Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, kama nakshi tu, hata herufi zikawa mistari isiyosomeka.

Wakristo wa Akka nao waliiga sarafu za Waislamu?

Waliziiga. Katika karne ya 13 watu wa Vita vya Msalaba, walioushika mji wa Akka katika pwani ya Palestina, walifua dirhamu za kuiga zile za Damascus, zikiwa na maneno ya Kiislamu kamili, kwa kuwa soko halikutaka nyingine. Papa Innocent IV alipopata habari mwaka 1250 alikataza. Kuanzia mwaka 1251 Akka ikatoa dirhamu zenye umbo lilelile na Kiarabu kilekile, lakini sasa zina msalaba katikati na maneno ya imani ya Kikristo. Soko liliachiwa uzito na sura, Kanisa likapewa maneno.

Nimesikia kuhusu sarafu zenye kichwa cha mfalme aliyevaa mawaridi. Zilikuwa nini?

Mfalme Edward I wa Uingereza alianza kufua upya sarafu za nchi yake mwaka 1279. Peni zake za fedha, zenye sehemu 92.5 za fedha katika kila 100, ziliheshimika kote kaskazini ya Ulaya. Mabwana wadogo wa Nchi za Chini, yaani Ubelgiji na Uholanzi za leo, wakaanza kufua za kufanana nazo. Wengi walikwepa kuiba taji la mfalme. Badala yake kichwa kilivikwa shada la mawaridi au kikaachwa wazi. Mtu aliyetazama kwa makini angeona tofauti, lakini wangapi hutazama kwa makini wanapopokea chenji sokoni? Nyingi zilipungua uzito au fedha kwa kiasi kidogo tu, na katika upungufu huo mdogo, ukizidishwa mara maelfu kwa maelfu, ndimo faida ilimolala.

Mwaka 1299 uingizaji wake ulipigwa marufuku. Krismasi ya mwaka huo thamani yake ikashushwa kuwa nusu peni, na Pasaka ya mwaka 1300 zikafutwa kabisa, zikapelekwa kuyeyushwa. Hapa utafiti wa hazina hupata kipimo bora sana: hazina ya Kiingereza iliyojaa mawaridi ina uwezekano mkubwa wa kuwa ilifungwa kabla ya Pasaka ile, na isiyo nayo kabisa ina uwezekano mkubwa wa kuwa ilifungwa baadaye.

Mchezo haukuishia hapo. Yohana wa Luxembourg, mfalme kipofu wa Bohemia aliyeuawa vitani Crécy mwaka 1346, alifua nakala mbovu zaidi, na maneno yake yalipangwa ili jicho la haraka lisome jina la Edward. Ziliudhi kiasi kwamba sheria ya uhaini ya Uingereza ya mwaka 1351 ilizitaja kwa jina la nchi zilikotoka.

Adhabu yake ilikuwa nini?

Ilikuwa kali, na haikuwaangukia wenye hatia peke yao. Sheria ya Mfalme Athelstan wa Uingereza, aliyetawala kuanzia mwaka 924 hadi 939, iliamuru mfua sarafu aliyepatikana na hatia akatwe mkono na mkono huo utundikwe juu ya karakana yake. Mwishoni mwa mwaka 1124 Henry I aliamuru wafua sarafu wa Uingereza waitwe Winchester. Hadi siku za mwanzo za mwaka 1125 walikuwa wamekatwa mkono wa kulia na kuhasiwa. Sheria ile ya mwaka 1351 ikaweka kughushi sarafu ya mfalme katika daraja moja na uhaini.

Jambo ambalo halipaswi kupitwa haraka ni la mwaka 1278, ambapo Edward I aliamuru Wayahudi wa Uingereza wakamatwe kwa tuhuma za kukata kingo za sarafu. Zaidi ya 200 walinyongwa. Wakristo pia walishitakiwa kwa kosa hilohilo, lakini walionyongwa kati yao walikuwa wachache mno. Nalitaja kwa sababu baadhi ya maelezo ya sarafu zilizokatwa yanaendelea kutegemea tuhuma zile kana kwamba ni ushahidi.

Je, pwani yetu ina hazina kama hizi?

Pwani yetu ina hazina ya fedha iliyo miongoni mwa mashuhuri zaidi barani Afrika kusini ya Sahara. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, watafiti walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zikiwa pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka ng'ambo. Fedha hizo ni za watawala wa pwani wenyewe, na majina yao, kama vile Ali bin al-Hasan, yamefuliwa kwa Kiarabu upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyopangwa yakapatana vina na jina la mtawala. Katika nchi inayopenda shairi kama hii yetu, ni jambo la kujivunia kwamba hata sarafu zilikuwa na vina.

Kabla ya hapo, Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulitoa visarafu vidogo sana vya fedha ambavyo ni vikongwe kuliko vya Mtambwe. Kilwa nayo ilifua sarafu za shaba kwa wingi, na zinaokotwa hadi leo Kilwa, Mafia na Unguja. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa madarakani Kilwa wakati Ibn Battuta alipopita Mombasa na kufika huko mwaka 1331, alifua hata dhahabu.

Msomaji asije akachukulia kwamba sarafu ndogo ya shaba ya Kilwa ni bandia kwa kuwa si fedha. Ilifuliwa iwe shaba na ilipokewa ikiwa shaba. Bandia ni ile inayodai kuwa kitu isichokuwa.

Bandia huvuruga vipi tarehe ya hazina?

Hazina hupewa tarehe kwa sarafu yake iliyo mpya kuliko zote, kwa kuwa haiwezi kuwa ilifukiwa kabla ya sarafu hiyo kufuliwa. Mtambwe Mkuu ni mfano mzuri. Sarafu za fedha za pwani kwa kawaida hazina tarehe, lakini dinari zilizolala pamoja nazo zinazo, na ya mwisho ni ya mwaka 1066. Dinari hizo chache ndizo zilizotuambia umri wa maelfu ya visarafu visivyosema. Laiti aliyezifukua angekuwa mtu wa haraka, akauza dhahabu kwa sonara na kubaki na fedha, tungekuwa na majina ya watawala yasiyo na karne.

Sasa fikiria kama sarafu yenye tarehe ni ya kuiga. Mwenye kuiga hunakili na tarehe iliyomo, hata kama yeye anaishi miaka 50 baadaye. Pwani tunalijua jambo hili kwa mfano wa karibu: riale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa, iliyotumika Unguja na Mombasa katika karne ya 19 na ambayo bibi zetu waliiyeyusha kufanya vikuku, imeandikwa mwaka 1780 hata ikiwa ilifuliwa miaka 100 baadaye. Mtu akiitegemea tarehe ile atapotea kwa karne nzima. Ndiyo sababu mtafiti huanza kwa kuuliza kama sarafu ni ya kweli, na baada ya hapo tu ndipo husoma mwaka wake.

Wataalamu wa leo huzichunguzaje bila kuziharibu?

Njia kongwe ingali bora: kupima uzito hewani, kisha majini. Chukua dirhamu ya gramu 2.97. Ikiwa ni fedha tupu, majini itapungua gramu 0.28, ikiwa ni shaba, itapungua gramu 0.33. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo mizani lazima iwe nyepesi sana kuhisi, na sarafu iwe haina kutu wala mchanga. Hata hivyo njia hii hudanganywa na mjanja. Risasi ni nzito kuliko fedha na bati ni jepesi kuliko fedha. Ukichanganya sehemu 85 hivi za risasi na 15 za bati, unapata uzito unaolingana na wa fedha kwa ujazo uleule. Mlio wake, hata hivyo, hauwezi kulingana.

Kifaa cha eksirei husoma madini kwa sekunde chache, lakini husoma ngozi ya nje tu. Sarafu ya shaba iliyovikwa fedha huonekana mbele yake kuwa fedha safi, na hata sarafu halali iliyolala ardhini miaka 800 huonekana safi kuliko ilivyo, kwa kuwa unyevu umeshaiondoa shaba ya juu. Mtaalamu mwangalifu hupima ukingoni, au mahali palipolika au kupasuka. Miali ya nyutroni hupenya hadi ndani, ila mitambo yake ni michache duniani.

Njia ninayoiona kuwa nzuri kuliko zote haihitaji mtambo: kulinganisha mihuri. Kila muhuri wa chuma ulichongwa kwa mkono, hivyo una herufi iliyopinda hapa na ufa pale, na kila sarafu iliyopigwa nao huchukua kasoro hizo. Bandia mbili zenye kasoro moja zilitoka karakana moja. Na ikitokea kwamba sarafu ya shaba iliyovikwa fedha ina kasoro ileile ya sarafu halali, basi muhuri wa serikali uliibwa, au fundi wa serikali alikuwa akifanya kazi ya pili usiku. Uchunguzi huo hauwezekani kama bandia zilitupwa na nzuri zikagawanywa kwa wanunuzi kumi.

Nina sarafu yenye ukoko wa kijani. Niisafishe?

Usiisafishe. Ndimu, ukwaju, siki, dawa ya meno, mchanga na brashi ya waya, vyote viache. Ukoko wa kijani hutokana na shaba, na ukiuona unafumuka kutoka chini ya ngozi nyeupe iliyochanika, hiyo ni dalili bora kabisa ya sarafu ya shaba iliyovikwa fedha: chumvi ya ardhi yetu ya pwani imepenya kwenye tundu dogo, shaba imevimba na kupasua vazi lake. Ukiusugua, umefuta ushahidi. Fedha yenyewe kwenye udongo wenye chumvi huota tabaka la kijivu lililo laini, na maandishi mara nyingi yamebaki ndani ya tabaka hilo. Likikwanguliwa, yanakwenda nalo.

Nikifukua chungu cha sarafu nikichimba msingi, nifanye nini?

Simamisha jembe. Usimwage chungu kuhesabu. Piga picha vitu vikiwa mahali pake, ukiweka kando kitu chenye ukubwa unaojulikana, na uandike kina cha shimo na rangi ya udongo. Vigae vya chungu, kipande cha kitambaa, makaa na gome la mti uliokuwa sanduku vina thamani sawa na sarafu, na vyote vibaki pamoja.

Kwa mujibu wa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na urithi wa taifa, vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895 vinalindwa, na anayegundua kitu cha kiakiolojia anatakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku saba, akieleza mahali na namna alivyokipata. Kwa mtu wa Mombasa, mlango wa kubisha ni ule wa Fort Jesus.

Na zile zinazouzwa mitaani kama sarafu za kale?

Nyingi zimesubiwa juzi. Tazama ukingo utafute mstari wa kalibu, tazama herufi kama ni butu, na ulize imetoka wapi. Mwenye sarafu ya kweli bila historia hawezi kukuuzia kihalali, na mwenye nakala anapaswa kukuambia ni nakala. Rupia na paisa za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki zenye jina la Mombasa na mwaka 1888 ni jambo jingine. Hizo za kweli zipo katika nyumba nyingi, hazihusiani na zama za kati, na wenye nazo waziweke pamoja na habari ya babu aliyezipata.